Bastola ya mtutu mfupi kwa mtu wa Pwani: inapoteza nguvu kiasi gani, na ni kweli hukwama zaidi?

Barani_Malindi

Salaam aleikum wadau. Naomba wanaojua wanisaidie kabla sijalipa. Maombi yangu kwa Bodi ya Leseni za Silaha yameshapita, ni bastola moja tu ya milimita 9. Muuzaji ana tatu za ukoo mmoja: Glock 26 yenye mtutu wa milimita 87, Glock 19 ya 102 na Glock 17 ya 114.

Itabebwa kiunoni kila siku chini ya shati la kuachia nje, na joto la Malindi mnalijua. Mara moja au mbili kwa mwezi itaenda uwanjani kupiga shabaha za mita 10 hadi 25. Pia kuna safari za Lamu, kwa hiyo boti ya Mokowe na marasharasha yake ya chumvi yamo kwenye hesabu.

Ninachotaka kujua ni hiki. Mtutu mfupi unapunguza nguvu kiasi gani, kwa namba? Wanaosema bastola fupi hukwama ovyo, kosa ni la mtutu au la kitu kingine? Na huyu muuzaji anasema naweza kuchukua ndogo sasa, nikaja kuitia mtutu mrefu baadaye. Je, ni sawa?

Kasiba

Aleikum salaam. Nianze na namna ya kupima, maana hapo ndipo watu hubishana usiku kucha kila mmoja na namba yake. Mtutu wa bastola ya magazini hupimwa tangu pale kitako cha risasi kinapoegemea mpaka mdomoni, chemba (tundu inamokaa risasi kabla ya kufyatuliwa) ikiwa ndani ya hesabu. Rivolva hupimwa mtutu peke yake, silinda haimo. Ndiyo maana rivolva ya inchi 2, yaani milimita 51, haiko nyuma ya bastola ya milimita 87 kwa kiasi ambacho namba zinaonyesha.

Ganda la 9 mm lina urefu wa milimita 19 na ushei. Ziondoe kwenye 87, unabaki na kama 68 ambazo risasi inasukumwa ndani yake. Kwenye 102 unabaki na 83, kwenye 114 unabaki na 95.

Sasa nguvu. Risasi hii ilibuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya ishirini kwa ajili ya bastola, kwa hiyo baruti yake ni ya kuwaka upesi. Kani ya gesi hufika kilele risasi ikiwa imesogea milimita chache tu, kisha hushuka huku ikiendelea kusukuma. Kwa mitutu ya kati ya 87 na 125, kila inchi moja unayoongeza hukupa mita 10 hadi 15 kwa sekunde hivi. Ukizidi hapo, nyongeza inazidi kuwa ndogo.

Tuchukue risasi ya greni 124, ambayo ni gramu 8 na kidogo. Ikitoka kwenye mtutu wa 114 kwa mita 350 kwa sekunde, ina kama juli 490. Risasi ileile kwenye mtutu wa 87 itatoka kama mita 335, na juli 450. Umepoteza sehemu 8 kwa mia. Tofauti kati ya sanduku la kampuni moja na la nyingine inaweza kuwa kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo, kwa 9 mm peke yake, nguvu si sababu ya kukukatisha tamaa na mtutu mfupi. Ingekuwa .22 ningesema mengine, kwa kuwa risasi nyingi za .22 zimetiwa baruti kwa kufikiria mtutu wa bunduki, na kwenye bastola fupi zinapwaya vibaya.

Tahadhari moja kuhusu namba ya kwenye sanduku. Kawaida ya Marekani kwa 9 mm ni kupima kwa mtutu wa majaribio wa inchi 4, yaani kama 102. Ukisoma mita 350 kwenye sanduku, usiitarajie kwenye 87.

Gharama unayoisikia kweli ni mlio na mwali. Baruti na gesi ambayo ingemalizikia ndani ya mtutu hutokea mdomoni, karibu zaidi na uso wako. Wakati wa magharibi mwali wake unakufumba macho kidogo. Bastola ya 9 mm hukaribia desibeli 160, na sikio huumia kwa mlio mmoja wa zaidi ya 140. Uwanjani vaa vizibo vya ndani na vifuniko vya nje kwa pamoja, hasa ukiwa na hiyo ya 87 au ukiwa chini ya paa la mabati.

FundiSpringi

Kasiba amemaliza habari ya nguvu. Mimi nijibu la kukwama, kwa sababu ndilo lenye uzito na ndilo linaloelezwa vibaya kuliko yote.

Mtutu mfupi haukwamishi bastola. Kinachokwamisha ni vitu vilivyolazimika kufupishwa pamoja nao. Slaidi, yaani ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, imekuwa fupi na nyepesi. Springi ya chini ya mtutu imebaki na nafasi ndogo. Kipini kimekatwa. Kila kimoja kinakula akiba ya kosa uliyokuwa nayo kwenye bastola kubwa.

Angalia hesabu ya slaidi. Risasi ya gramu 8 kwa mita 350 kwa sekunde inabeba msukumo wa 2.8 (kilo mara mita kwa sekunde). Tuseme slaidi pamoja na mtutu ni gramu 450: msukumo huohuo unairudisha nyuma kwa mita 6.2 kwa sekunde. Punguza hadi gramu 360, na ukubali kwamba risasi sasa inatoka kwa 335: inarudi kwa mita 7.4. Hapo sijaingiza springi wala gesi, ni kukuonyesha mwelekeo tu. Risasi imepoteza kidogo, lakini slaidi imeongeza mwendo kwa karibu sehemu 20 kwa mia. Tena njia yake ya kwenda na kurudi ni fupi zaidi.

Kwa hiyo springi ya bastola fupi lazima iwe ngumu, na hapo tabu mbili huzaliwa. Ya kwanza, magazini inapata muda mchache wa kuinua risasi inayofuata kabla slaidi haijarudi mbele. Springi ya magazini ikiwa imechoka, au ikiwa na mchanga, slaidi hupita juu ya risasi bila kuigusa. Unabonyeza kifyatuo unasikia "tik", na chemba ni tupu huku magazini ina risasi kumi. Ya pili, springi ngumu iliyobanwa kwenye nafasi fupi inachoka mapema. Kwa bastola za aina ya 1911, muundo wa zamani wa Kimarekani, ile ndefu ya milimita 127 watu hubadilisha springi kila baada ya risasi 2,000 au 3,000. Zile fupi za milimita 76 hadi 89 hubadilishwa kila baada ya 500 hadi 1,000.

Na hiyo 1911 ndiyo mfano mzuri wa kwa nini huwezi kufupisha bastola kama unavyokata bomba. Mtutu wake huinamisha kitako ili kujifungua kutoka kwenye slaidi. Ile ndefu ina pete mdomoni inayoushika mtutu. Unapoifanya fupi, mtutu unahitaji kuinama kwa pembe kubwa zaidi, na pete inaubana. Ndiyo maana ile ya inchi 3.5 ilipewa mtutu uliotanuka mdomoni kama kengele ili upate nafasi ya kuinama. Risasi nayo inapanda mteremko wa kuingilia chemba kwa pembe kali, na risasi yenye pua bapa inajikita pale badala ya kuteleza.

Glock 26 ilipotoka mwaka 1995 ilikuja na springi mbili, moja ndani ya nyingine, kwa sababu hiyohiyo. Haikuwa ile ya 17 iliyokatwa kwa msumeno, ilipangwa upya. Kwa hiyo usiiweke kapu moja na zile ndogo zilizofupishwa bila kufikiriwa.

Zipo njia nyingine za kulikwepa tatizo. Makarov na Walther PPK mtutu wake umekazwa kwenye fremu, yaani mwili wa chini wenye kipini, hauinami kabisa, na zinakula bila kelele. Bei yake ni kwamba slaidi inazuiwa na uzito wake na springi peke yake, hivyo kuivuta kwa mkono ni kazi, na risasi zake ni dhaifu kuliko 9 mm yako. Beretta 92 mtutu wake wa milimita 125 unarudi nyuma ukiwa umenyooka, haupandi wala haushuki, ndiyo maana inaingiza risasi kwa ulaini ule. Lakini hiyo si ya kuficha chini ya shati la Malindi.

Sasa mkono. Bastola hufanya kazi kwa kuwa fremu imetulia na slaidi inarudi. Ikiwa kiganja kimelegea, fremu inarudi pamoja na slaidi, nayo slaidi haimalizi safari yake. Ganda linatoka nusu, linabanwa mlangoni likiwa limesimama wima kama mlingoti wa jahazi. Ukiona hivyo, kabla ya kulaumu chochote tazama mkono. Kwenye ile ya 87 kidole kidogo hakina pa kushika, kinaning'inia chini ya magazini, na mtu mwenye kiganja kikubwa na jasho anapoteza robo ya mshiko wake. Kuna vitako vya magazini vyenye ulimi wa kuongeza kipini. Chukua hivyo kabla ya kununua kingine chochote.

Mkomani_Lamu

Mimi niongeze la chumvi, kwa kuwa huku ndiko inakotuamulia.

Bastola hizo mtutu na slaidi zimetiwa ngozi ngumu ya kuzuia kutu, na zinavumilia sana. Fremu ni plastiki. Lakini mtazame mwenyewe: springi za magazini, pini ndogo ndogo, kivuta ganda, kilengeo cha nyuma kama ni cha chuma, hivyo havina ngozi ile. Kutu haianzi mdomoni kwenye mtutu ambako watu wanasugua kila Ijumaa. Inaanzia mahali ambapo hakuna anayefungua. Ukitoa springi ya magazini iliyokaa miezi sita kiunoni, utaona vidoa vya rangi ya karafuu kwenye zile kona inapojikunja, na ukiipitisha kidoleni inakwaruza. Hiyo ndiyo springi ambayo FundiSpringi anasema haitawahi kuinua risasi mbele ya slaidi ya kasi. Hapo ndipo chumvi inapoichagua bastola fupi: kutu ni ileile, ila akiba ya muda ni ndogo.

Wanaodhani chuma kisichoshika kutu hakishiki kutu, wajaribu kukipitisha Kusi mzima bila kukifuta.

Mambo ambayo huku ni lazima:

Ukitoka kwenye gari au ofisi ya kiyoyozi ukaingia nje, chuma ni baridi na hewa ni nzito, kinatoa jasho palepale kama glasi ya maji ya barafu. Jasho hilo linaingia mpaka ndani ya slaidi. Jioni ifungue, ipanguse, iache kama nusu saa ipate joto la chumba kabla hujaifungia kwenye sanduku. Ukiifungia na unyevu wake umeifungia na adui.

Usiilaze ndani ya ala ya ngozi. Ngozi inanyonya jasho na chumvi, na inabaki na dawa za kuitengenezea. Ala ya plastiki ngumu ya kuvalia mchana, na usiku itoke kwenye ala. Ndani ya sanduku la chuma weka vijifuko vya chembe za kunyonya unyevu, zile zinazobadilika rangi zikijaa, uzianike upya kwenye joko zinaporudi kuwa za rangi ya kushiba.

Siku ya boti ya Mokowe ikupige rasharasha, usingoje kesho. Mafuta juu ya chumvi hayasaidii, yanaifunika tu iendelee kula. Kwanza kitambaa kilicholowa maji baridi ya bomba, pangusa chumvi itoke. Kisha kausha kabisa, kisha mafuta. Kama imezama, itoe magazini, hakikisha chemba ni tupu, ifungue, isuuze sehemu za chuma kwa maji ya bomba kwa wingi, kausha kwa kupuliza, ndipo utie mafuta. Risasi zilizolowa ziweke kando, usiziamini kiunoni tena.

Kuhusu mafuta, watu wa Pwani wanamimina kama wanakaanga. Tone moja kwenye kila njia ya slaidi, nazo ni nne. Tone moja pale kipande cha kifyatuo kinapogusana na kile cha nyuma. Mtutu kwa nje upake kwa kitambaa kilichonyonya mafuta kidogo, kipande cha fulana kuukuu kinatosha. Basi. Tundu la pini ya kupigia halitiwi mafuta, magazini kwa ndani haitiwi mafuta. Mafuta yakiingia humo yanakamata vumbi la mchanga, na yakifika kwenye fataki ya risasi, ile inayowasha baruti, yanaweza kuiua. Wakati wa Kaskazi, upepo unapobeba mchanga mwembamba wa ufukweni, bastola iliyolowa mafuta inageuka jiwe la kunolea ndani ya wiki moja.

Shabaha25

Nawaheshimu wote hapo juu, lakini mnamsukuma kwenye ile ndogo bila kutaja anachokwenda kukifanya uwanjani. Mita 25 si mchezo.

Mtutu mfupi wenyewe hauna kosa la kulenga. Ukiufunga kwenye jiriwa utapiga vizuri tu. Kosa liko kwenye umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma. Kwenye Glock 17 ni kama milimita 165, kwenye 26 ni kama 135. Sema kilengeo cha mbele kimehama nusu milimita tu, unene wa kucha. Kwa mita 10, kwenye 17 umekosa kwa milimita 30, kwenye 26 ni 37. Hilo halionekani. Kwa mita 25, kwenye 17 ni milimita 76 na kwenye 26 ni 93. Ukiongeza kwamba nyepesi inapiga teke zaidi na kidole kidogo hakishiki kitu, kundi la matundu linapanuka hata kwa mpigaji mzuri.

Na teke hilo linachosha. Risasi 50 kwenye 26 ni kazi kuliko 100 kwenye 17, na ukichoka unaanza kuvuta kifyatuo kwa pupa. Mazoezi ndiyo yanayofanya bastola iwe na maana. Mimi ningechukua 114 na kununua mkanda mgumu.

FundiSpringi

@Shabaha25 nakubaliana nawe kuhusu vilengeo. Lakini bastola inayobaki nyumbani kwa sababu imechoma kiuno haina vilengeo virefu wala vifupi. Na kinachojitokeza chini ya shati si mtutu, ni kipini. Mtutu unalala chini kufuata paja, hata wa 114 hauonekani. Kipini ndicho kinachotunisha shati kwa nyuma unapoinama. Kwa hiyo kati ya 26 na 17 anachoamua Barani ni kipini, wala si mtutu, na ya 102 ina kipini cha kati ambacho vidole vyote vitatu vinaingia. Kama ni bastola moja ya kazi zote mbili, ushauri wangu ni hiyo.

Barani_Malindi

Shukrani sana wakuu, nimeelewa kuliko miezi mitatu ya kuuliza madukani. Mawili yamebaki. Lile la kutia mtutu mrefu baadaye hamjaligusa. Na nikishanunua, nitajuaje springi imechoka kabla haijaniaibisha? Halafu nikiondoa risasi kwenye chemba kila usiku na kuirudisha asubuhi, kuna ubaya?

Kasiba

La mtutu, achana nalo kabisa. Katika Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, kipande cha silaha nacho ni silaha. Cheti chako kinataja silaha yenyewe kwa namba yake na idadi ya risasi unazoruhusiwa. Kubadilisha, kukata au kuongeza mtutu bila Bodi kujua ni kosa, hata kama kipande chenyewe umeuziwa na duka lenye leseni. Na kwa ufundi pia hupati kitu: mtutu wa 102 ndani ya slaidi ya 26 utachungulia mdomoni milimita 15, vilengeo vitabaki umbali uleule wa 135, na slaidi ni ileile nyepesi. Utavuna mita 6 hadi 9 kwa sekunde na safari ya ofisi. Ukitaka 102, nunua 102 leo.

FundiSpringi

Springi ina kipimo cha bure. Toa magazini kwanza. Vuta slaidi, tazama chemba kwa jicho, kisha ingiza kidole uhakikishe, na risasi zote ziwe chumba kingine. Elekeza mdomo juu, upande salama. Bonyeza kifyatuo na ukishikilie hivyohivyo. Vuta slaidi nyuma mpaka mwisho, kisha irudishe polepole kwa mkono, usiiachie ipige. Springi nzima itaifunga slaidi mpaka mwisho ingawa inapanda kinyume na uzito wake. Ikisimama njiani na kubakisha milimita mbili tatu, safisha njia za slaidi na urudie. Ikisimama tena, springi imekwisha, badilisha. Usiivute kwa koleo ukidhani utaifufua.

Magazini zitie namba kwa rangi chini ya kitako: 1, 2, 3. Katika risasi 200 za mwanzo, kila inapokwama andika namba ya magazini, aina ya risasi na umbo la kosa. Ikikwama kila mara na magazini namba 2, tatizo lina anwani. Ikikwama na magazini zote kwa risasi za sanduku moja tu, anwani ni sanduku. Ganda likisimama kama mlingoti kwa mikono ya watu wawili tofauti, tazama kivuta ganda, huenda kuna masizi chini ya kucha yake. Slaidi isipofunga milimita ya mwisho, chemba ni chafu au risasi ni nene. Bila daftari utabadilisha springi, magazini na mafuta kwa pamoja, na hutajua kipi kilikuponya.

Kuhusu kuondoa risasi kila usiku, ubaya upo na wengi hawaujui. Kila slaidi inapoipiga risasi kuiingiza chembani, pua yake inagonga mteremko na kichwa kinaweza kuzama kidogo ndani ya ganda. Ukiirudia risasi hiyohiyo asubuhi thelathini, nafasi ya baruti inapungua na kani ya gesi inapanda kupita kiasi. Kwenye bastola fupi yenye springi ngumu inagongwa kwa nguvu zaidi. Isimamishe mezani kando ya risasi mpya kutoka sanduku lilelile na utazame kwa usawa wa macho, au upime kwa kalipa. Kipimo cha juu cha 9 mm nzima ni milimita 29.69, lakini mwenzake wa sanduku moja ndiye hakimu. Ikionekana fupi, isipigwe, iweke kando uirudishe kwa muuzaji mwenye leseni. Na asubuhi ile uliyoitoa jana iende chini kabisa ya magazini, ili isiwe ileile inayogongwa kila siku.

Mkomani_Lamu

Na unapozipanga upya hivyo, zipanguse kwa kitambaa kikavu. Ukiona doa la kijani kwenye shaba ya ganda, jasho limeshafika. Hiyo nayo iende uwanjani mwezi huu, isirudi kiunoni.